Mdogo wangu anatumia unga, kila nikiongea naye ndo namfukuza nyumbani

Anti shikamoo. Natumaini u mzima. Mi ni dada wa miaka 34, naishi Tandika na mama yangu, wanangu wawili na mdogo wangu wa kiume ambaye ndo amenifanya niwe macho saa saba hii ya usiku nakuandikia.

Mdogo wangu ana miaka 27. Alikuwa fundi gari kwenye gereji moja eneo la Gerezani, fundi mzuri kabisa, wateja walikuwa wanampigia simu wenyewe, na ada ya chekechea ya mwanangu mkubwa alikuwa analipa yeye bila kuombwa. Akaanza bangi, tukasema ni ujana utaisha, kumbe ile bangi ilikuwa inachanganywa na unga, yani heroini, wenyewe wanaita kokteli, sisi tunasikia harufu ya bangi tu basi. Tumekuja kushtuka amekonda, anajikuna, anasinzia amesimama. Huu ni mwaka wa nne sasa. Na mwezi uliopita nimekuta sindano nyuma ya ndoo bafuni, Anti, miguu iliniisha nguvu nikakaa chini pale pale kwenye maji.

Mtungi wa gesi kaiba mara mbili, wa pili ulikuwa na wiki moja tu tangu tununue. Simu ya mama kaiba. Viatu vya shule vya mwanangu kaiba, yani viatu vya mtoto, vimetumika, sijui hata alipata shilingi ngapi.

Soba, zile nyumba za kuachishia unga, tumempeleka. Mara ya kwanza alikaa miezi minne akatoka amenenepa anacheka na watu, wiki ya pili tu akarudi maskani. Mara ya pili mjomba alikuja na vijana watatu wakamfunga mikono wakampakia kwenye bajaji mtaa mzima unaangalia, akakaa miezi mitatu akatoroka. Sasa mjomba hapiti kwetu bila kusema sikio la kufa halisikii dawa, na anataka safari hii tumpeleke tena kwa nguvu, mbali, nje ya mji, asitoke mpaka mwaka uishe.

Mi nimeongea naye mpaka koo limekauka. Nimemlilia, nimemtukana, nimemtajia mmoja mmoja wenzake waliokufa. Juzi nilimkuta kakaa barazani ametulia, macho meupe, nikaona ndo nafasi yenyewe, nikaanza, nikamwambia unamuua mama, angalia wenzako uliosoma nao wamejenga Chanika, wewe huoni hata aibu. Akanisikiliza kidogo akasema "dada mi nimechoka, lakini nyie niacheni tu", akanyanyuka akaondoka, hakurudi siku mbili. Mama presha ikapanda nikaonekana mi ndo mbaya. Na mama mwenyewe nimegundua kila asubuhi anampa elfu mbili kwa siri, nikimuuliza anasema mtoto akishikwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, analia kama anachinjwa, nifanyeje.

Kuna jirani ambaye mtoto wake anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuachana na unga, hapo Temeke, kaniambia washauri wa kule wana namna yao ya kuongea na hawa vijana mpaka kijana anakubali mwenyewe bila kufungwa kamba. Hiyo namna ni ipi Anti? Na mtu kama mimi niliyeishia fomu foo, nakaanga mihogo na samaki, naiweza? Au nikubaliane tu na mjomba yaishe? Naomba unijibu, jina langu usilitaje.

Dada wa Tandika

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nililia kwenye viatu vya mtoto. Ya pili nikamkasirikia mjomba. Ya tatu ndo nikaona kitu ambacho nadhani wewe hujakiona, wakati umekiandika mwenyewe kwa mkono wako.

Sindano umeieleza, mtungi umeueleza, mjomba na kamba zake umemueleza mpaka nikamuona. Halafu katikati umepitisha kisentensi kimoja ukakiacha pale kama ganda la muhogo: "dada mi nimechoka". Wewe ulichosikia ni "niacheni". Mi ningekuwa barazani pale ningeishika hiyo "nimechoka" kwa mikono miwili, na hiyo "niacheni" ningeiacha ipite zake.

Maana angalia. Mtu wa mwaka wa nne kwenye unga, usidhani hajui kama unamuharibu. Anajua kuliko wewe, maana wewe umeona sindano bafuni ila yeye ndo anayeutafuta mshipa. Kichwani kwake kuna mawazo mawili yanagombana kutwa. Moja linasema niache, nimezeeka kabla ya siku zangu, mama ananifia mikononi. La pili linasema nikiacha leo jioni arosto inanibeba, mifupa itauma kama imepondwa, nitaharisha, nitatapika, silali, halafu hata nikipona nani atanipa gari la kutengeneza mimi niliyeiba? Yote mawili ni ya kwake na yote ni ya kweli. Sasa wewe unakuja na upendo wako wote unalishika lile la kwanza unalisema kwa sauti: acha, unamuua mama, huoni aibu. Umemaliza upande wote wa kuacha peke yako. Yeye kabakiwa na upande gani wa kusema? Ule wa unga tu. Na mtu akishajisikia mwenyewe anautetea unga mara kumi kwa wiki, anaanza kuamini anachokitetea.

Hiyo ndo siri ya wale washauri aliokuambia jirani. Kuongea wanaongea kama watu wengine, tofauti ni kwamba wanamuachia kijana ule upande wa kuacha auseme yeye, kwa maneno yake. Kwa kitaalamu kuna jina refu la Kizungu, sisi kituoni tulikuwa tunaita mazungumzo ya kuamsha hamasa, na hata hilo jina silipendi sana kwa sababu linakufanya ufikirie yale mambo ya kwenye jukwaa na maikrofoni, amka kijana unaweza! Siyo hivyo kabisa. Ni mazungumzo ya chini chini, na anayeongea sana siyo wewe.

Nikuambie nilivyojifunza. Nilikuwa mshauri nasaha kwenye kituo kimoja hapa Dar, mwanzoni nilikuwa muhubiri mtupu. Kijana anaingia namshushia madhara yote, ini, mapafu, ukimwi, jela, kaburi. Anaitikia "ndio mama, ndio mama, kweli mama", mi najisikia nimefanya kazi kubwa, namuandikia tarehe ya kurudi, harudi. Nikawa nasema hawa vijana wabishi. Mpaka siku mwenzangu mmoja, mdogo kwangu kwa umri, akaniambia dada, hujawahi kumuuliza hata mmoja swali ukasubiri jibu. Iliniuma wiki nzima. Lakini alikuwa sahihi.

Aliyeanza kuiandika namna hii ni mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa William Miller. Mwaka 1982 alikuwa Norway anawafundisha wanasaikolojia vijana jinsi anavyoongea na walevi, wakawa wanamkatisha kila saa: kwa nini umeuliza hivyo, kwa nini hapo umenyamaza, kwa nini hujamwambia ana tatizo? Ikabidi ajieleze kitu ambacho alikuwa anakifanya tu bila kukipa kanuni, na 1983 akakiandika kama makala. Baadaye akaungana na mwenzake Stephen Rollnick wakaiendeleza mpaka leo inatumika duniani kote, kwenye pombe, sigara, dawa za kulevya, mpaka kumeza ARV kwa wakati. Na miaka kumi baada ya ile makala, 1993, Miller na wenzake wakatoa utafiti wa wanywaji pombe ambao huwa siusahau: kadri mshauri alivyozidi kubishana na mteja kwenye kikao, ndivyo mteja alivyozidi kunywa mwaka mmoja mbele. Kikao chenyewe kilikuwa kimoja tu cha kumpa majibu ya vipimo vyake, siyo miezi ya kugombezwa. Sa we fikiria miaka yako minne ya kumgombeza.

Haya tuje kwako, maana umeuliza kama utaiweza. Fomu foo inatosha na inabaki. Kinachotakiwa ni ulimi kujizuia, na hapo hata madaktari wanafeli.

Kwanza wakati. Akiwa amelewa usiongee, hakusikii, na kesho hakumbuki. Akiwa na arosto usiongee, pale anayeongea ni mwili unaotafuta kete, ile dozi ya unga. Arosto ya unga inaanza masaa machache tu baada ya dozi kuisha, sita mpaka kumi na mbili hivi, kwa hiyo una kidirisha katikati, ametulia, macho yako sawa, hajaanza kupiga miayo na kamasi kumtoka. Kama ile ya barazani. Macho yako uliyalenga vizuri mwanangu, mdomo ndo ulikosea.

Sasa kaa naye. Usimsimamie mbele, kaa pembeni, ikiwezekana muwe mnafanya kitu, menya mihogo umpe kisu na yeye amenye. Na uombe ruhusa. Najua utasema nimuombe ruhusa mdogo wangu, nyumbani kwetu, kaiba mtungi? Ndio. Sema tu: "Juzi ulisema umechoka, na mi nikakurukia hata sikukusikiliza. Kama hutojali ningependa kusikia umechoka vipi. Kama hutaki leo sawa." Akisema hataki, endelea kumenya mihogo. Usinune. Hewala haigombi, wazee walisema. Atarudi, kwa sababu ni siku nyingi hajaongea na mtu ambaye hataki kumshinda.

Akianza kuongea hapo ndo kuna kazi. Utasikia kitu kama "nimechoka kukimbizana kila asubuhi kutafuta hela ya kete". Kila mshipa wako utataka kusema haya kesho tunaenda hospitali! Usidake. Ukidaka anarudi nyuma, mara moja, utamuona kabisa mabega yanapanda. Mrudishie maneno yake, basi, kama unamuonyesha kwenye kioo: "yani kila siku unaamka umeshashindwa kabla hata hujapiga mswaki." Kisha nyamaza. Kimya kitakuumiza wewe kuliko yeye, vumilia. Yeye ataongeza. "We acha tu dada. Hata sipati raha tena, natumia nisiumwe." Nawe: "raha iliisha zamani, sasa hivi unanunua dawa ya kutokuumwa." Umeona? Hujashauri kitu, na upande wa kuacha ameshausema yeye mara mbili.

Akiutetea unga pia mrudishie, usiogope. "Ukiwa umetumia ndo kichwa kinatulia." Watu wanaogopa kusema hivyo wanaona kama wanabariki. Hubariki kitu, unamuambia umesikia yote mawili. Mara nyingi ukikubali kwamba kuna kinachomvuta kule, anayesema "ila" ni yeye. Hiyo "ila" ndo unaitafuta, inaweza kuchukua dakika tano au wiki tatu.

Maswali yako yawe yale ambayo hayajibiki kwa ndio au hapana. "Utaacha lini?" hilo ni la polisi. "Huoni unavyomtesa mama?" hilo hata swali siyo, ni kofi. Uliza, kabla ya haya yote ulikuwa unajionaje ukiwa gereji? Uliza, mambo yakibaki hivihivi mwaka ujao muda kama huu unajiona wapi? Na kuna moja washauri wanalitumia sana, la namba. "Kutoka sifuri mpaka kumi, kuachana na unga kuna umuhimu gani kwako sasa hivi?" Tuseme akajibu nne. Mtu wa kawaida angesema nne tu? Kwa nini siyo tisa? Na kijana angeanza kukupa sababu za kutokuacha. We geuza: "Nne. Kwa nini siyo moja?" Lazima akutajie kitu, na atakachokitaja ndo sababu yake, siyo yako. Nimewahi kusikia mwingine akijibu hilo swali kwa jambo dogo mno, kwamba binti yake wa miaka mitano siku hizi akimuona anaficha begi la shule. Mimi na mahubiri yangu yote ya ini na mapafu nisingelifikia hilo kamwe. Kisha unauliza namba ya pili, "na ukiamua, una uhakika gani utaweza?" Hapo wengi wanashuka, moja, mbili. Siyo kwamba hawataki, ni kwamba hawajiamini, wameshashindwa mbele ya macho ya watu. Wa kwako kashindwa mara mbili, tena mara ya pili mtaa mzima ukiangalia.

Kwa hiyo mtambue kwa kile kilicho kweli. Siyo sifa za uongo, hawa vijana wanakaa vijiweni na matapeli, uongo wanaunusa toka mbali. Sema "ulikaa miezi minne bila kugusa, wengi hawafiki wiki". Hiyo ni kweli au siyo kweli? Nyie nyumbani mmeihesabu kama kushindwa. Mi naihesabu siku mia na ishirini. Muulize alizipitaje.

Na usipende hilo neno teja, hata akiwa hayupo, hata mnapoongea na mama jikoni. Kuta za Tandika unazijua zilivyo.

Sasa utaniuliza, Anti ndo niwe mpole tu huku anabeba vyombo? Hapana. Mpole mdomoni, imara mlangoni. Gesi hamishia kwa jirani, simu lala nayo, mlango funga. Hayo unayafanya bila hotuba. Na akija amelewa usigombane wala usimfurahie, chakula kipo mezani wewe nenda kalale. Akija yuko sawa, hapo ndo ukae naye, mle wote, umchekeshe. Watu wa familia huwa tunafanya kinyume, akilewa tunamkalia kikao mpaka usiku wa manane, akitulia tunamuacha peke yake tunapumzika na yeye. Matokeo yake anachopata akiwa mzima ni upweke.

Elfu mbili ya mama inanipa shida kukujibu, sikufichi. Kuikata ghafla siyo lazima iwe suluhisho, anaweza kwenda kuitafuta kwa njia mbaya zaidi, na mama presha ikampanda kwa kumsikiliza anavyolia. Lakini kumlipia kete kila asubuhi kunamuondolea ile asubuhi ngumu ambayo ndo inamfanya aseme nimechoka. Mi ningeongea na mama kwa mtindo huu huu, siyo kwa kumshtukiza. Mama unamuonea huruma, na unaogopa hizi hela zinampeleka kaburini, ungependa iweje? Halafu elfu mbili hiyo iwe na kazi nyingine iliyo tayari: nauli na chai ya kwenda kliniki siku akikubali.

Kliniki sasa. Jirani yako amesema kweli. Methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala halafu Temeke, na wewe uko Tandika, Temeke siyo mbali na kwako. Ni dawa ya maji, kijana kwa kawaida anainywa mbele ya muhudumu kila siku, bure, na inamshika karibu siku nzima hivyo arosto haimpigi na hana haja ya kukimbizana na kete. Mjomba atasema ni kuhama unga kwenda unga mwingine, wote wanasema hivyo. Tofauti ni kwamba unga unampandisha na kumshusha mara tatu kwa siku na kumtuma akaibe, hii inamuweka sawa anaweza kushika spana. Wanaanza na dozi ndogo wanapandisha taratibu, kwa hiyo wiki za mwanzo asipotulia vizuri msikate tamaa, na asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, hapo pana hatari ya kweli ya kukata pumzi. Kuna asasi zinazopita vijiweni ndo mara nyingi zinawaunganisha vijana na kliniki, jirani yako ameshapita njia hiyo, mwambie akuelekeze kuanzia mlango gani.

Ila taarifa hii usimtupie kama tangazo. Muulize anajua nini kuhusu methadoni, utashangaa, kule maskani wanajua mengi na nusu yake siyo kweli. Akimaliza sema "naomba nikuambie nilichosikia", mwambie kidogo, kisha muulize anaonaje. Uulize, uongeze, uulize tena. Hata yule kijana wa jirani akiweza kukaa naye siku moja atakuwa na nguvu kuliko mimi na wewe.

Na hapa kwa mjomba nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Mtu aliyekaa miezi bila unga mwili wake unasahau kuuhimili. Akitoka huko alikofungwa bila kutaka, akarudi maskani akapiga kiasi kile kile alichokuwa anapiga zamani, anaweza kufa siku hiyo hiyo na sindano mkononi. Siyo soba ndo mbaya, wapo waliopona soba na nawajua. Ubaya ni kumpeleka mtu ambaye hajakubali, akahesabu siku za kutoka. Sikio lake halijafa, mwambie mjomba, limechoka kelele. Ukiona mjomba mwenyewe anakuja juu ujue na yeye ni kijana wako wa pili wa kumrudishia maneno: "mjomba unaogopa tutamzika." Nina uhakika chini ya zile kamba kuna hofu tu.

Kwa sababu ya ile sindano, hili lisisubiri mpaka akubali kuacha. Asichangie sindano na mtu, hata rafiki wa kufa na kuzikana, virusi vya ukimwi na homa ya ini C vinapita hapo kirahisi kuliko njia nyingi. Kupima apime. Na nyie wa nyumbani mjue, ukimkuta hatikisiki ukimwita, anakoroma kama amekabwa au pumzi inakuja moja moja, midomo imegeuka rangi, mlaze ubavu, usimmwagie maji wala kumpa maziwa, bajaji hospitali muda huo huo na uwaambie wazi ametumia unga. Wana sindano ya kuigeuza hali hiyo lakini lazima wajue. Watu wamefia nyumbani kwa aibu ya kusema neno hilo moja mapokezi.

Usitegemee mazungumzo mamoja yamalize miaka minne. Niliowaona wakikubali wengine walikubali mara ya pili, wengine mara ya kumi na tano, na wengine walikubali wakarudi nyuma wakakubali tena. Akirudi nyuma usianze upya kugombeza, muulize nini kilitokea. Na kuna siku utashindwa, utamfokea, wewe ni dada yake siyo mshauri na hulali usingizi. Kesho yake mwambie jana nilikufokea, sikutaka iwe vile. Hiyo nayo ni mazungumzo.

Mwisho hujaniambia wewe mwenyewe unaongea na nani. Kwenye kliniki hizo ndugu huwa wanaruhusiwa kuja kuuliza, nenda hata peke yako kabla yake, kaa kwenye benchi, waone wale vijana wanavyokunywa dawa na kwenda zao kazini. Utarudi nyumbani na uso mwingine na yeye ataugundua.

Wiki hii jaribu mara moja tu, kwenye mihogo, alasiri. Anza na ile "nimechoka" yake. Na kuhusu mtungi wa gesi, najua unauma, ila kwa siku saba hizi usiutaje.

Anti wako